Fungurume: Kolwezi ao Lubumbashi? Chaguo la chuo kikuu linaanza mapema kuliko Exetat

Kila mwaka, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanangoja majibu ya mtihani wa serikali, Exetat, swali moja linazunguka katika nyumba nyingi za Fungurume: mtoto aende kusoma Kolwezi ao Lubumbashi? Wazazi wengi wanadhani mjadala unaanza siku majibu yanapotoka. Kwa kweli, siku hiyo sehemu kubwa ya jibu imekwisha kuandikwa.

Tuanze na barabara. Kutoka Fungurume hadi Kolwezi, kwenye Chuo Kikuu cha Kolwezi, UNIKOL, ni kama kilomita mia moja. Lubumbashi, kwenye UNILU, ni karibu mara mbili ya hapo. UNILU ina jina: mizizi yake ni chuo kikuu cha Elisabethville cha miaka ya 1950, kilichoingizwa ndani ya UNAZA mwaka 1971, kisha kikapata uhuru wake mwaka 1981. UNIKOL ni mtoto wake, ilianza kama tawi. Ndiyo maana mzazi anayesema “mwanangu yuko Kasapa” anasema kwa sauti ya juu kidogo.

Lakini jina halilipi nyumba. Juu ya minerval kuna pango, na mwenye nyumba wa Lubumbashi anataka garanti ya miezi kadhaa kwa dola, mara moja, kabla mtoto hajafungua daftari. Ukienda chuo binafsi kama Nouveaux Horizons, hesabu inapanda tena. Mimi mwenyewe sikuchagua chuo changu kwa sababu ya walimu. Nilikichagua kwa sababu kaka yangu alikuwa na chumba karibu.

Kuna jambo ambalo familia nyingi bado hazijalipima vizuri. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu viliingia katika mfumo wa LMD: licence miaka mitatu, master miwili. Maana yake mtoto anaweza kumaliza licence Kolwezi, karibu na nyumbani, kisha kwenda Lubumbashi kwa master akiwa mtu mzima zaidi na familia imepumua. Kwa maoni yangu, kwa nyumba isiyo na mshahara wa mgodi, njia hii ni ya busara kuliko kuuza kiwanja ili mtoto aanzie Kasapa. Sharti ni moja: ulizeni mapema, kwenye vyuo vyote viwili, kama filiere hiyo inaendelea na kama kredi zitapokelewa.

Hata hivyo, chaguo la kwanza kabisa halifanyiki mwaka wa mwisho. Linafanyika baada ya mwaka wa nane wa elimu ya msingi, mtoto akiwa na miaka kama 14, anapochagua option. Aliyeenda pedagojia kwa sababu ndiyo shule iliyokuwa karibu, kisha miaka minne baadaye anataka Polytechnique, atakutana na hesabu na fizikia ambazo wenzake walizila kila siku. Asilimia 70 ya pedagojia haitamsaidia sana pale.

Na kwa nini wote wanataka Polytechnique? Sababu iko mbele ya macho: Tenke Fungurume Mining, inayomilikiwa na CMOC ya China kwa asilimia 80 na Gécamines kwa 20. Lakini anayeingia leo atatoka baada ya miaka mitano ao zaidi. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje, na tangu mwezi wa kumi mwaka huo inagawa kiasi kwa kila kampuni. Mgodi wa 2031 hautakuwa huu wa leo. Fundi umeme na makanika mzuri wanahama kutoka mgodi mmoja hadi mwingine, hata nje ya migodi. Mtaalamu wa jiwe moja tu ana milango michache.

Inabaki pesa. Basi za masomo kama Excellentia, iliyoanza 2019, zinaangalia wenye asilimia za juu sana, na jibu lake linakuja baada ya Exetat. Hapa kwetu kuna mlango mwingine: Kanuni ya Madini ya 2018 inadai kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, kupitia chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii. Juu ya hiyo, asilimia 15 ya mrabaha wa madini inaenda kwa utawala wa mahali. Pesa za maendeleo ya jamii zinaweza kulipia masomo. Tatizo ni saa. Basi ya masomo inayotangazwa wakati usajili unafungwa inamsaidia yule aliyekwisha kujua. Ingetangazwa mwezi wa kwanza, pamoja na masharti, filiere na idadi ya nafasi, ikibandikwa kwenye ukuta wa kila shule, mwanafunzi angechagua chuo akijua nani atalipa. Na yule wa mwaka wa nane, anayejaza karatasi yake ya option sasa, angeiona pia.