Barua ya Wazi kwa Meneja wa Umeme wa Wilaya

Bwana Meneja,

Naarifu kwamba pampu ya kisima changu imekufa kabla ya kutimiza mwaka wa tatu, ilhali pampu ya namna ile, isipovuta mchanga wala kuzungushwa kavu, aghalabu huishi miaka 8 hadi 15. Na tangu ife nanunua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu, nami nimekaa juu ya maji.

Utasema ni chumvi ya pwani. Fundi aliipandisha, akaifungua barazani mbele ya macho yangu: bolti hazikuliwa na kutu, mapanga yalikuwa mazima, lakini koili zilikuwa nyeusi tititi, zanuka vanishi iliyoungua. Magharibi akapima umeme uingiao nyumbani, akaona volti 168 mahali pa 230. Kwa umeme mdogo hivyo mota huvuta mkondo kupita kiasi chake, au hunguruma tu pasi na kuzunguka, ikajipika humo shimoni. Na wajuzi wa fani wamekwisha bainisha zamani kwamba joto la koili lizidipo kwa takriban nyuzi 10, umri wa vanishi izikingayo nyaya hukatika nusu.

Haya si mageni kwako. Barua ya mtaa wetu juu ya transfoma ile moja, iliyowekwa wakati wa nyumba chache, imo ofisini mwako, nayo ilijibiwa kwa hisani kubwa kuwa inashughulikiwa. Labda nayo yashughulikiwa kwa umeme mdogo.

Jokofu nalo limeharibika, hilo naliacha. Lakini maji ya udhu nanunua, ya kufulia nanunua, ya kuogeshea watoto nanunua, na majirani waliokuwa wakichota kwangu bure nao wananunua.

Nataka nilipwe pampu yangu, transfoma iongezwe, na volti zipimwe kwenye nguzo ya mwisho saa za jioni, si saa nne asubuhi watu wakiwa makazini. Na madhali nimeshika kalamu: ni insafu gani hii ya maofisi yetu, ya umeme, ya maji na ya ardhi, kumpimia raia deni lake hadi senti, na kile anachopewa kisipimwe na mtu? Mita yangu haikukosea hata siku moja. Uniti zilizoiunguza pampu ilizihesabu barabara, nami nimezilipia.

Jibu nalingoja, ila lile la kwanza tumekwisha lipokea.

Ndimi,
Mteja wako wa nguzo ya mwisho