Mitupo ya mwanzo humjenga mfungaji

MFUNGAJI wa mpira wa kikapu anayekosa mitupo miwili ya kwanza huanza kusita, na kocha asiye na subira humrudisha benchi. Hata hivyo, mwenendo wa Klay Thompson wa Golden State Warriors mwaka 2018 unaonyesha kuwa ipo njia nyingine.

Katika mechi saba za mwanzo wa msimu alifunga mitupo 5 tu ya pointi tatu kati ya 36. Kocha Steve Kerr, ambaye naye alikuwa mtupaji hodari enzi zake, hakumwondoa kikosini. Oktoba 29, dhidi ya Chicago Bulls, Thompson alifunga mitupo 14 ya aina hiyo na kuvunja rekodi ya NBA ya mitupo 13, iliyowekwa na mwenzake, Stephen Curry. Mitupo 10 aliifunga kabla ya mapumziko. Alitoka na pointi 52 kwa dakika 27.

Fundisho kwa makocha ni kwamba kujiamini hupangwa. Mfungaji atafutiwe mapema mitupo rahisi, ya karibu na kikapu, huku wenzake wakimzibia mabeki. Akiuona mpira ukiingia, mkono huwa mwepesi. Anayetolewa kwa kosa moja hucheza akitazama benchi badala ya kikapu.