Kode kando ya kinyago: nani atasema, na kwa luga gani?

Muchimbaji wa kasiterite anajua vizuri jambo hili: gunia haliondoke kwenye kariere bila etiketi. Ile namba ndogo ndiyo inasemea jiwe njia yote, kutoka kwenye shimo mpaka kwa mununuzi wa ng'ambo. Kitu kimoja haisemi: nani alilichimba, na alilala njaa siku ngapi juu ya jiwe hilo.

Tunaanzia hapo kwa sababu leo tunataka kusema juu ya kode zenye zinawekwa ndani ya makumbusho, zile nyumba tunaita musée. Kode, si kodi. Ya kodi munaijua sana.

Kode QR ni kale kamuraba kenye madoa meusi na meupe. Ilizaliwa Japani mwaka 1994, ndani ya kampuni Denso Wave, kwa ajili ya kufuata vipande vya motokari ndani ya kiwanda. Basi ni ndugu ya etiketi ya gunia. Leo musée nyingi za Ulaya, na zaidi tangu Korona, zinaibandika kando ya vitu vyao. Mugeni anafungua kamera ya telefone, anaielekeza pale, na ukurasa unafunguka: maandishi, picha, wakati mwingine sauti.

Inatuhusu nini siye wa Sange, wenye vijana wetu wako Misisi na Kamituga? Inatuhusu sana. Mwezi wa pili 2022, serikali ya Ubelgiji ilipatia serikali yetu liste ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vyenye viko kwenye musée ya Tervuren. Na kati ya vitu vya kwetu vilivyo ng'ambo kuna vinyago vya Warega, vya mbao na vya pembe, vya bwami, chama chenye wakoloni walikataza mwaka 1948. Mwenye kushika kinyago alijua mezali yake, na alijua nani anaruhusiwa kukiona. Kinyago kilisafiri, maneno yake yakabaki kwa wazee wa Mwenga na Shabunda. Ni kama gunia lenye etiketi, lakini muchimbaji hayumo.

Wengine watasema: vitu virudi kwanza, kode itafuata. Wana haki. Kuonyeshwa picha ya mali yako kwenye telefone haiko kurudishiwa mali, na kode isiwe sababu ya kubakia na vitu vya watu. Lakini tukingojea kila kitu kirudi ndipo tuanze kukusanya maneno yake, wazee wenye kuyajua watakuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo, musée ya taifa ya Kinshasa, iliyofunguliwa 2019 kwa musaada wa Korea ya Kusini, na Musée du Kivu yenye wapadri Waxaveri wanatunza kule Bukavu, zikitumia kode, tunaomba mambo matatu.

Kwanza, sauti mbele ya maandishi, kwa Kiswahili na Kirega, kando ya Kifaransa. Mama twangaise mwenye hakumaliza shule ana masikio, na ana akili.

Pili, ifunguke bila mega. Rezo tunaitafuta juu ya kilima, na pesa ya unité ni pesa ya chumvi. Kamashine kadogo kenye kutoa wifi ndani ya nyumba, bila intaneti, kanaweza kubeba sauti zote. Tena sauti hizo ziingie kwenye kadi memori, kijana azipeleke mpaka kwenye muraka, wenzake wazisikie mangaribi.

Tatu, majina. Kila kode iseme kitu kilitoka kijiji gani, kiliondoka namna gani, na ni nani anaeleza.

Na tusingojee Kinshasa. Hapa Sange tuna kumbukumbu yenye haina nyumba. Tarehe 2 mwezi wa 7, 2010, kamio ya esanse ilipinduka katikati yetu, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa, wamoja wakiwa wanaangalia mupira wa Kombe la Dunia. Watoto waliozaliwa nyuma ya moto ule, wengi wanasikia tarehe tu. Vilevile wazee waliofanya kazi SOMINKI, kampuni iliyochimba Kamituga tangu 1976, wanaijua milima ile kwa ndani, pamoja na majina ya wenzao waliobaki mule. Ni nani ameketi nao kuwauliza?

Telefone ya kurekodi iko mufukoni mwa vijana wengi. Kijana akishuka kutoka kariere, aketi kando ya muzee, aombe ruhusa kwanza, kisha amuache aseme kwa luga yake mpaka amalize. Sauti hiyo aitunze pahali pawili, na aandike jina la mwenye kusema. Siku musée itakuja na kode yake, itakuta maneno yako tayari, yametoka kwetu, si kwa mutu aliyepita siku mbili na kamera.

Kuprinti kode ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ni ile ya kuketi na kusikiliza. Wandugu wachimbaji, wababa na wamama, tuianze ndani ya nyumba zetu juma hili.