Kuunda si Kuunganisha

Naandika kutetea kitenzi kimoja, nacho ni kuunda. Nilipomtajia mwalimu mwenzangu mstaafu kwamba nakusudia kuwaandikia wasomaji wa ukumbi huu kuhusu watu wanaotengeneza kwa mikono yao mifano midogo ya magari ya mbio ya zamani ya Marekani, alicheka. "Mwalimu," akasema, "hapo pana ushairi gani? Hivyo ni vichezeo vya wazee wa Kizungu." Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Leo ninalo, ingawa ni refu kidogo.

Mwaka juzi nilikaa miezi mitatu kwa mwanangu huko Ohio. Jirani yake ni mkereza vyuma mstaafu, mzee anayenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na chini ya nyumba yake ana chumba chenye meza ndefu, taa kali na jiliwa dogo lisilozidi ukubwa wa ngumi. Nilikwenda mara ya kwanza kwa adabu tu, kama mgeni anavyokwenda kumwamkia jirani. Nikarudi karibu kila jioni, nikiwa na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja.

Nieleze kwanza magari yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa kusini mwa California walichukua Ford kuukuu, wakazivua kila kisichohitajika, wakazishindanisha. Mwaka 1950 mashindano yalianza kufanyika kwa utaratibu katika uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha mchezo huo, NHRA. Na mwaka 1955 chama hicho kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas, katika uwanja wa ndege uliojengwa wakati wa vita. Magari mawili husimama sambamba, huondoka kwa pamoja, na hukimbia mstari mnyoofu wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona. Mimi naziita mbio za robo maili, na sioni haja ya jina gumu zaidi.

Umbo maarufu la enzi hiyo Wamarekani waliliita manati. Dereva alikaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu makubwa, kama jiwe lililowekwa katika ngozi ya manati, ili uzito uyakandamize matairi yasiteleze. Mbele yake ilikuwa injini, mara nyingi Chrysler iliyotolewa katika gari la kifahari la familia. Na juu ya injini pampu ya kusukuma hewa iliyotolewa katika injini ya dizeli ya malori na mabasi. Pampu hiyo huitwa 6-71, kwa maana ya silinda 6, kila moja ya inchi za ujazo 71. Hakuna aliyeibuni kwa ajili ya mbio. Matairi ya nyuma yalikuwa vipara kwa makusudi. Kile ambacho kwetu hukutoza faini barabarani, kule ndicho kilichokupa ushindi. Mwaka 1964 Don Garlits alivuka maili 200 kwa saa katika gari la namna hii. Mwaka 1970, huko California, gia ya gari lake ilipasuka chini ya miguu yake ikamkata sehemu ya mguu wa kulia, naye mwaka uliofuata akarudi na gari lenye injini nyuma ya dereva. Muda si mrefu manati zikatoweka viwanjani.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Kila gari la aina hiyo lilikuwa la pekee. Lilitungwa na watu wawili watatu katika banda la nyuma ya nyumba, kwa mabomba waliyoyapinda na kuyachomelea wenyewe. Na lilipopitwa na wakati lilikatwa, injini ikauzwa huku, ekseli kule. Viwanda vya vichezeo vilitoa seti za magari yenye majina makubwa, vipande vyake vikiwa vimekwisha kumiminwa katika kalibu, mnunuzi akabakiwa na kazi ya kugandisha. Lakini gari la vijana wa mji mdogo usiojulikana halina seti, wala halitakuwa nayo. Anayetaka kuliona tena hana budi kuliunda.

Jirani yetu alikuwa akiliunda gari ambalo yeye na kaka yake walilitengeneza mwaka 1962 na kuliuza vipande vipande miaka minne baadaye. Kaka amekwisha fariki. Zimebaki picha tatu, mojawapo ikiwa na ukungu. Nikamwona akipima picha kwa rula. Rimu ya nyuma ilikuwa ya inchi 16, hilo analikumbuka bila shaka. Basi kama rimu ina upana fulani katika picha, umbali wa kutoka ekseli hadi ekseli hujulikana kwa hesabu ya uwiano, mradi picha ilipigwa kutoka ubavuni. Kila kipimo akakigawa kwa 25, kwa kuwa mfano wake ni wa moja kwa ishirini na tano. Bomba la chesisi la inchi moja na nusu, yaani milimita 38, likawa mrija wa shaba wa milimita moja na nusu. Robo maili yenyewe, nilipoigawa kwa ajili ya mjukuu, ikawa mita 16 na kitu: vyumba viwili vya madarasa yangu ya zamani.

Nilimwambia mzee kwamba sisi watunga mashairi tuna kitu hicho hicho, nasi twakiita mizani. Akataka kujua ukali wake. Nikamweleza kwamba silabi moja ikizidi, mshororo huchechemea na msikilizaji hugutuka hata kama hajui kuhesabu. Akatikisa kichwa, akaniambia kwamba milimita moja ikizidi katika mfano ni inchi nzima katika gari, na jicho hugutuka vivyo hivyo. Kisha akanionyesha bonde la pili la kufanana kwetu, ambalo sikulitazamia. Bati la aluminiamu la bodi, likigawanywa kwa 25, huwa jembamba kuliko karatasi, haliwezekani. Basi hulifanya nene, lakini hulinoa ukingoni tu, mahali jicho linapotua, ili lionekane jembamba lote. Nilicheka kwa furaha. Hiyo ni inkisari! Tunakata silabi mahali inaporuhusiwa ili mizani itimie, na mahali pengine tunarefusha kwa mazda, na mwenye kujua hatuiti waongo.

Kuhusu mjukuu wangu. Anaelewa Kiswahili, lakini ukimsemesha hujibu kwa Kiingereza. Mwanangu na mkewe wamejaribu mengi, nami nilikwenda na vitabu mkobani. Vitabu havikufunguliwa. Mezani kwa jirani, siku ya tatu, alishika chombo akaniuliza, "Babu, hii kwa Kiswahili inaitwaje?" Tupa. Na hii? Koleo. Na hii inayotoboa? Keekee. Na kile kinachoyeyushwa ili kuunga mirija? Lehemu; na kazi yenyewe ni kulehemu. Na babu huyu mwenye mashine ya kuzungusha chuma anafanya nini? Anakereza. Maneno haya sikuyapata chuoni. Niliyapata kwa mjomba wangu, fundi wa majahazi Pangani, aliyekuwa hasemi kwamba anatengeneza chombo, bali anaunda chombo: analaza mkuku, anasimamisha mataruma, ubao kwa ubao, bila ramani ya karatasi. Nilipoiona ile chesisi ya mirija imelala mezani bila bodi, niliyaona mataruma ya mjomba.

Neno moja lilinishinda. Kabla ya kulehemu, mirija hushikiliwa juu ya ubao wenye misumari midogo ili isisogee. Nilisita. Mjukuu akasema, "Tuiite kitanda, kwa sababu gari limelala." Hakujua kwamba Kiswahili cha zamani kina kitanda cha mfumi, mtambo anaotandikia nyuzi mfuma nguo. Nilimweleza jioni hiyo, akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hana desturi nalo.

Wapo wanaotaka kazi hii tuiite "kutengeneza kutoka mwanzo" au "kutoka sifuri". Siafiki. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na tena ni tafsiri isiyojua inachotafsiri, maana asili ya usemi wa Kiingereza ni mstari uliokwaruzwa ardhini, mahali anapoanzia mkimbiaji asiyepewa nafuu. Sisi tunalo kuunda, lenye mkuku na mataruma ndani yake. Anayenunua seti anaunganisha, na sioni aibu katika kuunganisha. Lakini maneno hayo mawili yasichanganywe.

Wala nisiseme kwamba muundaji hakopi kitu. Mzee wetu alichukua matairi kutoka katika seti, kwa kuwa mpira haumtii, kama yeye na kaka yake walivyochukua pampu ya basi. Nasi hatukubuni tarbia, tumeirithi. Kinachonichosha katika tungo nyingi ninazosahihisha si umbo la kurithi. Ni vina vya -ngu na -ni vinavyojileta vyenyewe, moyo unaoumia kwa sababu ubeti wa jirani uliumia, ua waridi kwa mtu ambaye hajapata kulipanda. Mtungaji hakupima chochote. Alikuta vipande vimekwisha kumiminwa, akavigandisha.

Nami sina mikono safi katika jambo hili. Mwaka 1988, katika kipindi cha ushairi, kidato cha pili, nilimkuta kijana ameficha chini ya dawati lori la waya. Magurudumu yalikuwa ya ndala zilizokatwa, na usukani ulikuwa wa waya mrefu wa kumwezesha kuliendesha akiwa amesimama. Nilipouzungusha, magurudumu ya mbele yaligeuka yote mawili kwa pamoja. Nilimwambia hayo ni mambo ya watoto, nikalifungia kabatini, nikarudi ubaoni kueleza maana ya urari. Muhula ulipokwisha kabati lilisafishwa na lori likatupwa. Hakuja kulidai. Sikumbuki kama alifaulu Kiswahili. Nakumbuka waya ulivyosokotwa kwenye kiungo cha ekseli, mizunguko mitatu kila upande, sawasawa. Nimelitaja jambo hili kwa mwenzangu aliyecheka, naye hakucheka tena, ingawa bado hajakubaliana nami.

Juzi mwanangu alinitumia picha. Gari la 1962 limesimama kwa magurudumu yake manne. Ya mbele ni membamba, ya spoki, kama ya baiskeli. Nyaya nane za plagi zimefika mahali pake. Chini ya picha mjukuu aliandika mwenyewe: "Babu, tupa ndogo imevunjika lakini koleo iko." Nilikaribia kusahihisha ngeli, nikaacha.

Ameuliza pia jina la kitambaa kile kinachofunguka nyuma ya gari kulipunguza mwendo baada ya mstari wa mwisho. Nimemwambia ni mwavuli, kwa kuwa askari wanaoruka kutoka angani tunasema wanatumia miavuli, lakini moyo wangu haujaridhika. Huo unavuta nyuma, si juu. Mabaharia wa Lamu na Pangani wanaosoma ukurasa huu huenda wanalo neno la tanga au kitu chochote kinachoachwa majini nyuma ya chombo ili kukizuia kwenda kasi. Anayelijua aniandikie, nami nitampelekea kabla bodi haijapakwa rangi.