Orodha ya zamu ni amana



Leo naanza na kosa letu wenyewe, usije ukasema twanyooshea wengine vidole.

Wakati wa mafuriko ya 2024 tulipanga vijana kwa zamu: wa kupokea nguo na unga, wa kupakia lori, wa kukesha wakilinda vitu. Orodha tuliifanya vile sote tumezoea. Mmoja anaandika kwenye grupu ya WhatsApp, wa pili anakopi, anaongeza jina lake, anarusha tena. Nusu saa baadaye kuna orodha tatu na hakuna anayejua ipi ndiyo ya kweli. Jumamosi asubuhi walikuja watu 19 kupakia lori moja. Jumatatu usiku alikuja mmoja, akakesha peke yake.

Hilo tulilicheka. La pili halikuchekesha.

Ili tuweke mambo sawa, tulitengeneza jedwali mtandaoni: jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, mtaa, na saa ya kumaliza zamu. Tukaliacha wazi kwa yeyote mwenye linki. Linki ikatembea. Wiki haijaisha, dada mmoja wa timu yetu akaanza kupigiwa simu na mwanamume asiyemjua. Alijua jina lake. Alijua anamaliza saa nne usiku, na wapi. Dada yule akaacha kuja, na sisi hatukuwa na uso wa kumwomba arudi.

Sasa jiulize: nani alimpa mtu yule habari hizo? Hakuna mdukuzi hapo. Ni sisi.

Orodha ya zamu yaonekana kitu kidogo. Lakini isome tena. Inasema nani atakuwa wapi, saa ngapi, na nani. Kwa timu ya kugawa chakula hilo tayari ni jambo zito. Kwa timu ya kuangalia uchaguzi, au ya kusindikiza familia kortini, ni zito mara kumi.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakulinda faragha yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu imani ya mtu kuwa data nyeti, pamoja na afya yake na habari za familia yake. Manake orodha ya vijana wanaojitolea msikitini si sawa na orodha ya wateja wa sabuni. Na data ikivuja kwa namna ya kumhatarisha mtu, aliyeishika anatakiwa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kila siku tunauliza serikali na makampuni: data zetu mnazifanyia nini? Swali hilo hilo tujiulize na sisi.

Basi tufanye nini? Kuna programu za kupanga zamu ambazo timu inaziweka kwenye seva yake yenyewe. Hakuna kampuni katikati inayoshika majina ya watu wenu. Mnaamua nyinyi nani aone nini, na lini vifutwe.

Mfano mmoja ni Engelsystem, kutoka Ujerumani. Huko kuna jumuiya ya watu wa kompyuta, Chaos Computer Club, iliyoanzishwa 1981. Kila mwisho wa mwaka hufanya mkutano mkubwa ambao umewahi kukusanya zaidi ya watu 10,000, na kazi kubwa hufanywa na wanaojitolea: mlangoni, jikoni, huduma ya kwanza, kubeba vyombo. Wanaojitolea wanaitwa Engel, yaani malaika. Usishtuke, ni jina la utani tu. Programu yao ya zamu wameiacha wazi kwa yeyote kuitumia, kuisoma ndani na kuirekebisha, bila malipo.

Inafanyaje kazi? Msimamizi anaandika zamu: mahali, saa ya kuanza na kumaliza, watu wangapi wa kazi gani. Wewe unafungua simu yako, unaona palipo na nafasi, unajiandikisha. Nafasi zikijaa, zamu inafungwa. Hamji watu 19 kwa lori moja. Zamu mbili za saa moja haikuruhusu kuzishika. Kazi zinazotaka ujuzi, kama huduma ya kwanza, zinangoja msimamizi akuthibitishe. Saa za usiku wa manane zaweza kuhesabiwa mara mbili, kwa sababu anayekesha na anayekuja saa tatu asubuhi hawako sawa. Na anayejiandikisha kisha hatokei, inaandikwa. Akizidisha kutegea, anazuiwa kujiandikisha tena. Jina kamili si lazima. Jina la kutumia na barua pepe vinatosha.

Haiko peke yake. Volunteer Planner nayo ilizaliwa Ujerumani 2015, wakimbizi walipofika kwa wingi na makambi ya kuwapokea yakahitaji watu wa kusaidia kila saa. Waliobuni vitu hivi walikuwa na shida kama yetu, wakakaa chini wakaitatua.

Lakini tuseme ukweli wote. Kujiwekea seva ni kazi. Laptopu kuukuu nyumbani yaweza kuiendesha programu hii, lakini stima ikipotea nayo imepotea, na intaneti ya nyumbani mara nyingi haina anwani ya kudumu. Wengi wanakodi seva ndogo kwa mwezi, ufunguo ukabaki mikononi mwao. Cheti cha kufunga mawasiliano, yasisomwe njiani, Let's Encrypt wanakitoa bure. Kisha kuna kazi isiyo na sifa: kusasisha programu, kuhifadhi nakala mahali pengine, na kujaribu kama nakala hiyo kweli inafunguka. Seva iliyoachwa mwaka mzima bila kusasishwa ni hatari kuliko lile jedwali letu.

Na jambo la kuogopa zaidi ni mtu mmoja. Kila timu ina yule kijana wa kompyuta anayejua kila kitu. Siku akipata kazi Doha, neno la siri limepanda ndege naye. Wenye ufunguo wawe angalau wawili, maelezo yaandikwe, na mmoja wao awe dada.

Je, wenzetu wenye kabambe? Hao wasiachwe nje. Wanatuma ujumbe kwa mratibu, yeye anawaingiza kwenye zamu. Na lugha? Maneno ya Engelsystem yamewekwa kwenye faili za tafsiri. Kijana anayejua Kiswahili chake na ana subira ya wiki mbili tatu anaweza kuyaleta kwetu. Hiyo pia ni kujitolea, tena unafanya ukiwa umeketi.

Na kama timu yenu ni watu wanane, seva hamuihitaji. Daftari moja kwa mtu mwaminifu linatosha. Hata sisi, kama tungeuliza tu "hii namba ya kitambulisho ni ya nini?", nusu ya madhara yasingetokea. Hatukuwa na kazi nayo. Tuliiweka kwa sababu kila fomu ya nchi hii inaiuliza.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kutafuta seva, fanya mambo matatu. Fungua majedwali ya timu yako uone yapi bado yako wazi kwa kila mwenye linki, uyafunge. Futa kila safu ambayo hamna kazi nayo, na futa kabisa orodha za shughuli zilizokwisha. Kisha kaeni kama timu, mchague watu wawili wa kushika ufunguo, wa daftari au wa seva.

Mtu akikupa jina lake, namba yake na usiku wake, amekukabidhi amana. Hakukupa ili izunguke mitaani. Dada yule hadi leo hajarudi. Nasi hatuwezi kumwambia njoo, mpaka tuwe na la kumjibu akituuliza: safari hii jina langu mnaliweka wapi?

Wabillahi tawfiq.