Injini Ngeni Katika Viwanda vya China

Tukitajiwa garimoshi la makaa wengi wetu hufikiria injini ndefu inayokokota nyuma yake behewa dogo la maji na makaa. Ilikuwako aina nyingine isiyohitaji behewa hilo. Maji iliyabeba yenyewe katika matangi yaliyofungwa ubavuni mwa boila, na makaa nyuma ya dereva. Haikufika mbali kabla ya kuishiwa maji, lakini haikuundwa kwa safari. Iliundwa kwa kusukuma na kuvuta mabehewa kiwandani, mgodini na bandarini, mbele na nyuma, kutwa kucha.

China ilizipata kutoka pande mbili ambazo kisiasa hazikuiva chungu kimoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliundiwa injini 382 za magurudumu sita, kila moja ya tani 45 hivi, zikafanye kazi Ulaya. Vita vilipokwisha zikawa hazina kazi. Uingereza, Ufaransa na Yugoslavia zilichukua sehemu, na nyingine zikavushwa bahari hadi China, ambako ziliitwa XK2. Serikali iliyozipokea iling'olewa mwaka 1949, injini zikabaki. Nani angetupa chombo kizima kwa kuwa kimezaliwa Marekani?

Zilizofuata zilitoka Poland, nchi rafiki katika kambi ya kijamaa. Kiwanda cha Chrzanów kilitoa injini za magurudumu sita, ambazo Wachina waliziita XK13, na za magurudumu manane, ET7. Jambo lililorahisisha yote haya ni dogo ajabu: reli kuu za Marekani, Poland na China zina upana mmoja, milimita 1,435. Injini iliyoundwa kwa reli za Urusi, pamoja na udugu wote wa wakati ule, isingetembea humo bila kubadilishwa magurudumu.

Pengine wewe uliyezoea TAZARA utashangaa. Reli hiyo, tuliyojengewa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ilianza na injini za dizeli, hali wao wenyewe kwao walikuwa bado wakiunda za mvuke. Haikuwa ubahili wala ushamba. Mgodi wa makaa una kuni zake chini ya miguu, na mafundi wa kiwanda cha chuma waweza kujichongea kipuri kilichovunjika pasipo kumwandikia barua mtu yeyote ng'ambo.

Mwaka 1960 karakana za Tangshan zilianza kuunda SY, injini ya viwandani ya Wachina wenyewe, nayo ikiwa na behewa la maji na makaa. Ya mwisho ilitoka mwaka 1999. Kufikia hapo zile ngeni nyingi zilikuwa zimekwisha kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu, pengine zikayeyushwa katika matanuru yale yale zilizokuwa zikiyapelekea makaa.