Otenyo naye anastahili mchezo wake

Ni haki kuusifu mchezo wa video Blade & Soul. Mchezo huo wa kampuni ya NCSoft, uliozinduliwa Korea Kusini mwaka 2012, huwakutanisha wachezaji mtandaoni, lakini kinachowanasa ni kisa: mwalimu wa mapigano anauawa na Jinsoyun, na mwanafunzi wake anafunga safari ya kulipa kisasi.

Gusii, hapa Kenya, kuna kisa kisichopungua hicho. Januari 1908 mpiganaji Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa Mwingereza Geoffry Northcote. Waingereza walijibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong!

Ujuzi wa kukigeuza kisa hicho kuwa mchezo upo Afrika. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Kiro'o Games ya Kameruni ikatoa Aurion mwaka 2016.

Kikwazo kwa mchezo wa mtandaoni ni umbali. Seva ya mchezo ikiwa Ulaya, kijana wa Kisii au Nyamira hubonyeza kitufe kukinga upanga, amri ikafika mhusika wake keshaanguka. Basi wabunifu wetu waanze na mchezo wa simu usiohitaji intaneti, na mkuki wa Otenyo uwe silaha ya kwanza.